Bastola mbili za fundi mmoja: 1911 au Hi-Power kwa mwenye bajeti finyu

Ninafanya biashara ya mbao Mafinga, na kwa karibu nusu ya kila mwezi hulala shambani upande wa Mufindi, mahali ambapo jirani wa karibu hafikiki bila pikipiki na ukungu ukishuka jioni huoni hata mlango wa ghala. Ndiyo sababu niliyoiandika katika maombi yangu ya leseni ya kumiliki silaha, na ndiyo niliyoirudia kila nilipoulizwa tena. Safari ya maombi yenyewe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ilihitaji subira na nauli, na sitaisimulia hapa. Anayetaka kuijua aende kituo cha polisi cha wilaya yake, ataelezwa. Ninachotaka kukieleza ni uamuzi ulionikabili baadaye, kwa sababu nilikuwa na shilingi milioni 3 na nusu tu, na fedha hizo zilipaswa kutosha bastola, sanduku la chuma la kuifungia, risasi za mazoezi na ada ya mkufunzi.

Kwa fedha hizo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa bastola ya muundo wa 1911, nakala iliyotengenezwa Ufilipino, mali ya mzee mmoja wa Mbeya ambaye alikuwa akifunga biashara yake na kuhamia kwa watoto, na ambaye alikuwa tayari kunihamishia kwa milioni 2 na laki 6 iwapo polisi wangeridhia. Ya pili ilikuwa nakala mpya ya Browning Hi-Power, iliyotengenezwa Uturuki, iliyokuwa katika duka lenye leseni ya kuuza silaha, kwa milioni 2 na laki 9. Tofauti ya laki 3 ilinifanya niamini kwa takriban wiki nzima kwamba jibu linajulikana. Halikuwa linajulikana.

Bastola zote mbili zimetoka katika kichwa cha mtu mmoja, John Moses Browning, Mmarekani. Ile ya kwanza ilizaliwa kutokana na malalamiko ya askari wa Marekani waliopigana Ufilipino, ambao waliona kwamba bastola zao za kaliba .38 (upana wa risasi kwa inchi) hazimsimamishi adui anayekuja mbio, hivyo jeshi likadai risasi nene zaidi, ya kaliba .45. Katika majaribio ya mwaka 1910 bastola ya Browning ilipigwa risasi 6,000, ikawa inapozwa kwa kutumbukizwa majini kila ilipochemka, na haikukwama. Jeshi liliipokea rasmi tarehe 29 Machi 1911 na likaendelea kuitumia kama silaha yake ya kawaida hadi mwaka 1985.

Historia ya ile ya pili inanifurahisha zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kichekesho ambacho bado mtumiaji anakihisi kidoleni. Browning alikuwa ameiuzia kampuni ya Colt ya Marekani haki za ubunifu wake wa awali, kwa hiyo alipoanza kuibuni bastola mpya kwa ajili ya kampuni ya FN ya Ubelgiji, iliyotarajia kuwauzia Wafaransa, alilazimika kuzikwepa hataza zake mwenyewe, yaani haki za kisheria zinazolinda ubunifu. Alifariki mwaka 1926 akiwa Liège, Ubelgiji, kazini, kabla ya kuimaliza, na Dieudonné Saive ndiye aliyeikamilisha; hataza za Colt zilipokwisha muda wake, Saive aliweza kurudisha baadhi ya mambo mazuri ya 1911. Ubelgiji iliipokea mwaka 1935. Wafaransa hawakuichukua, lakini sharti lao moja lilibaki ndani yake, nami nitalirudia hapo chini kwa sababu linanihusu kila ninapofanya mazoezi.

Nilikutana na bastola zote mbili siku moja katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, mbele ya mkufunzi, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita afande. Mzee wa Mbeya alikuja na yake imefungwa kwa kitambaa cha kanga ndani ya kisanduku. Baada ya kusalimiana, afande alitoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akavuta slaidi, sehemu ya juu inayorudi nyuma, akaingiza kidole kidogo kwenye chemba inamokaa risasi kuhakikisha ni tupu, kisha akanikabidhi. Nakiri kwamba mkono wangu uliipenda palepale. Ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1 ikiwa tupu, yote ni chuma, na mpini wake ni mwembamba kwa sababu risasi zake 7 zimepangwa safu moja. Kifyatulio hakizunguki kwenye ekseli kama vya bastola nyingine nyingi, bali husogea moja kwa moja kurudi nyuma, safari fupi, kisha hukatika kama kijiti kikavu. Sijawahi kushika kifyatulio kizuri kuliko kile.

Nilipiga risasi 14 kwa umbali wa mita 15. Teke la .45 si kali kama wanavyolisimulia vijana wa vijiweni. Linasukuma zaidi ya kuchapa, kwa sababu kichwa cha risasi ni kizito, karibu gramu 15, na hakiendi kasi sana. Matundu yangu yote yalikaa ndani ya eneo la sahani ya chai, na kwa mtu ambaye hakuwa ameshika bastola tangu mafunzo ya mgambo, nililiona hilo kuwa heshima kubwa.

Kisha afande alinitaka niifungue kwa ajili ya kuisafisha. Katika 1911 unabonyeza kifuniko cha springi kilicho chini ya mdomo wa mtutu, unazungusha bangili inayoushika mtutu, kisha unakiachia kifuniko polepole. Mimi sikukiachia polepole. Springi ilichomoka, kifuniko kikagonga bati la kibanda, na tukakitafuta kwenye majani kwa robo saa nzima, mzee wa Mbeya akiwa ameinama pamoja nasi na kunung'unika, “Taratibu, mwanangu, hicho hakiuzwi sokoni Mwanjelwa.” Alisema kwa utani, lakini niliporudi Mafinga usiku ule maneno hayo ndiyo niliyoyatafakari. Kipuri hakiuzwi Mwanjelwa. Je, risasi?

Hapo ndipo hesabu ya laki 3 ilipoanza kugeuka. Duka nililoliulizia lilikuwa na risasi za milimita 9, ambazo ndizo za Hi-Power, bila shida, za aina mbili. Za .45 zilikuwa chache, na bei ya moja ilizidi ile ya milimita 9 kwa zaidi ya nusu. Mzee alikuwa akinipa risasi 30 zilizobaki, nami nilikuwa nimekwisha kujiwekea kwamba sitathubutu kuifungia silaha ndani ya nyumba bila kupiga angalau risasi 200 za mazoezi katika mwaka wa kwanza. Nilipiga hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti ya mbao. Laki 3 niliyokuwa nikiiokoa katika bei ya bastola ilikuwa ikiliwa na risasi kabla mwaka haujaisha, na bado sikuwa na uhakika wa kuzipata. Bastola isiyofanyiwa mazoezi, katika mkono wa mtu wa makamo aliyeamshwa usingizini, ni hatari kwanza kwa watu wa nyumba yake.

Hi-Power niliipiga siku ileile, risasi 26, yaani magazini mbili zilizojaa. Hapa lazima niwe mkweli: idadi ya 13 haikuwa sababu yangu. Katika mwaka 1935 lilikuwa jambo la ajabu bastola kubeba risasi 13 katika safu mbili huku mpini ukibaki wa kushikika na mkono wa kawaida, na hilo ndilo lililoipa jina la Hi-Power, yaani nguvu kubwa. Mimi ninayelinda ghala la mbao na familia sina vita vya risasi 13. Kilichonivutia ni jinsi mpini ule ulivyojaa kiganja, kwa sababu vidole vyangu ni vifupi na nilitegemea safu mbili zingenishinda, na jinsi teke la milimita 9 lilivyoniruhusu kurudisha ncha ya kulengea mahali pake upesi. Matundu yangu hayakukusanyika vizuri kama ya 1911. Mengi yalikwenda chini kushoto, na afande alinionyesha kwamba kosa lilikuwa la kidole changu.

Kosa la kidole, ndiyo, lakini kidole kilikuwa na sababu. Wafaransa walitaka bastola isiyoweza kufyatuka magazini ikiwa imetolewa, kwa hiyo nyuma ya kifyatulio kuna kidude kinachogusa magazini na kukwaruza kila unapovuta. Ongeza kwamba mwendo wa kifyatulio hufika kwenye nyundo, kile kinachogonga ili risasi ilipuke, kwa kupitia kijiti kilichofichwa ndani ya slaidi, mzunguko uliotokana na kule kukwepa hataza, na utaelewa kwa nini kifyatulio cha Hi-Power huhisi kama kinavutwa juu ya mchanga laini. Wapo wanaokiondoa kidude hicho. Mimi nimekiacha, kwa kuwa katika nyumba yenye wajukuu ulinzi wa ziada si wa kuchezewa, ingawa siutegemei hata kidogo: chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, kila mara. Gharama nyingine ya kidude hicho ni kwamba magazini haidondoki yenyewe unapobonyeza kitufe; lazima uivute kwa mkono.

Kasoro ya pili inauma, kwa maana halisi ya neno. Slaidi inaporudi nyuma, nyundo hushuka na kubana nyama iliyo kati ya kidole gumba na kiganja. Wamarekani walikumbana na tatizo hilohilo katika 1911 ya awali na wakalipunguza katikati ya miaka ya 1920, walipourefusha mkia ulio juu ya mpini katika toleo la 1911A1. Hi-Power ya kawaida ilibaki na mkia mfupi. Siku ile niliondoka uwanjani na mstari mwekundu wenye tone la damu, na ikanilazimu kujifunza kushika chini kidogo kuliko mkono unavyopenda.

Kwa upande wa kufungua na kusafisha hakuna ushindani. Hi-Power unaitoa magazini, unakagua chemba, unavuta slaidi nyuma na kuifunga kwa sefti (kizuizi cha usalama), unasukuma nje pini ya pembeni, kisha slaidi yote inakuja mbele mkononi. Hakuna kinachoruka. Kwa mtu wa nyanda za juu hili si dogo, kwa maana kuanzia mvua za Novemba hadi ukungu wa Julai hewa ya Mufindi haikauki, na chuma cha rangi nyeusi hushika kutu usipokiangalia. Mwezi wa kwanza niliihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi katika sanduku, na baada ya siku 12 nilikuta vidoti vya kahawia kwenye slaidi, mahali hasa ngozi ilipogusa. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Sasa mkoba unaning'inia nje ya sanduku, bastola imepakwa mafuta mepesi na kulazwa juu ya kitambaa kikavu, na kila Jumapili jioni naifuta.

Niliinunua Hi-Power, basi, na baada ya miezi 8 sijutii. Imepiga risasi 230 na imekwama mara mbili, zote katika magazini ya kwanza kabisa, kabla springi yake haijalainika. Duka lilinihudumia kwa adabu, nyaraka zilikuwa sahihi, na namba ya silaha ililinganishwa na leseni mara mbili mbele yangu. Lawama yangu kwao ni moja: muuzaji aliniambia kwamba magazini yoyote iliyoandikwa Hi-Power itaingia. Si kweli. Uzalishaji wa bastola ya asili ulikoma mwishoni mwa miaka ya 2010, na ile mpya ambayo FN waliitoa mwaka 2022 kwa karibu jina lilelile inabeba risasi 17, ndani yake ni kitu kingine, na magazini zake hazibadilishani na za zamani. Mnunuzi aulize magazini ya muundo wa 1935, aijaribu kwenye bastola yake dukani, ndipo atoe fedha.

Kama fedha zangu zingekuwa mara mbili, na kama risasi za .45 zingepatikana Mbeya kwa urahisi, ningemchukulia mzee ile ya Ufilipino bila kusita, na ninajua hivyo kwa sababu ya kifyatulio kile peke yake. Aliyeinunua ni mfanyabiashara wa Tunduma, na nasikia bado hajaipiga hata mara moja. Magazini yangu ya pili, ile sahihi, niliilipia mwezi wa tatu. Niliambiwa itapakiwa kwa utaratibu unaoruhusiwa kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo naisubiri.