Uzoefu wangu na keys.openpgp.org baada ya kuibiwa laptopu

Mwezi uliopita niliibiwa laptopu stendi ya Nane Nane, nikiwa nashuka basi la Singida. Nasaidia wanakijiji wa Bahi na Chamwino kwenye mashauri ya ardhi, na wakili wetu wa Dar es Salaam hunitumia nyaraka kwa barua pepe zilizofungwa kwa OpenPGP, mfumo ambao mtu hufunga barua kwa ufunguo wako wa umma, na wewe huifungua kwa ufunguo wako wa siri. Ufunguo wangu wa siri ulikuwa humo. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikaenda kwa mdogo wangu Area C, nikafungua keys.openpgp.org, seva ya kuwekea na kutafutia funguo za umma, kwenye kompyuta yake. Nikaandika anwani yangu, ufunguo wa umma ukaja papo hapo. Seva hii, iliyoanza 2019, haiunganishi ufunguo na anwani yako mpaka uthibitishe kwa kiungo inachokutumia, kwa hiyo naiamini.

Hati ya kubatilisha, yaani faili la kutangaza kuwa ufunguo usitumike tena, nilikuwa nayo kwenye flashi, bahasha moja na karatasi za kiwanja. GnuPG, programu ya OpenPGP, huitengeneza yenyewe siku unapounda ufunguo. Nikaiingiza kwenye GnuPG, ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Kumbe mbele ya vistari vitano vinavyoanzisha hati yenyewe ndani ya faili pamewekwa alama ya nukta mbili (:) makusudi, mtu asije akabatilisha ufunguo wake bila kukusudia. Maelezo yamo humo humo kwenye faili, haraka tu ilinifanya nisisome. Nikaifuta alama hiyo, ikapokea. Nikaupakia ufunguo kwenye keys.openpgp.org, ukurasa ukaonyesha umebatilishwa.

Kisha nikampigia dada wakili, maana Thunderbird yake, programu ya barua pepe, ilikuwa bado na nakala ya zamani ya ufunguo wangu. Alipousasisha ufunguo wangu, programu ikagoma kufunga barua kwa ufunguo ule. Hapo nikapumua. Ila barua zilizokwishatumwa hazilindwi na ubatilishaji: mwizi akilipata nenosiri langu, atazisoma, na zina majina ya watu na mipaka ya mashamba yao.

Kinachoniuma zaidi ni ufunguo wangu wa 2016. Nenosiri nimelisahau, hati ya kubatilisha sina, na niliuweka kwenye seva za zamani ambazo hazifuti kitu. Kwenye keys.openpgp.org ningeiondoa anwani yangu mwenyewe kwa dakika chache. Kule ufunguo bado unaonekana mzima, na mwaka huu watu wawili wameutumia kuniandikia. Barua moja ilikuwa na ramani ya shamba la mama mmoja wa Bahi. Sikuweza kuifungua, ikabidi ramani ipigwe picha upya.