Tathmini ya ASSIST: tovuti ya bure kwa anayetaka kuhamia UC akiwa na alama hafifu

Mwanafunzi aliyeanza chuo cha jamii huko California, yaani chuo cha umma cha miaka miwili ambacho wengi huanzia kabla ya kuhamia chuo kikuu, kwa kusuasua, akaambulia D na F kadhaa katika mwaka wake wa kwanza, kwa kawaida huwa na swali moja tu kichwani: je, kampasi za Berkeley au Los Angeles za Chuo Kikuu cha California (UC) zitanipokea? Tovuti ya ASSIST haijibu swali hilo. Hata hivyo, ndiyo ninayoipendekeza kabla ya huduma nyingine yoyote, kwa sababu humwonyesha mwanafunzi huyo kozi anazopaswa kuzikamilisha, na humsaidia kuamua ni zipi kati ya alizoharibu zinastahili kurudiwa kwanza.

ASSIST ni hazina rasmi ya makubaliano ya kozi baina ya vyuo vya umma vya jimbo hilo. Upande mmoja vipo vyuo vya jamii 116, na upande wa pili zipo kampasi za Chuo Kikuu cha California, yaani UC, pamoja na zile za Chuo Kikuu cha Jimbo la California, CSU. Haitozi hata senti na haimdai mtumiaji ajisajili. Mtumiaji huchagua mwaka wa masomo, chuo anachosoma, kampasi anayoitaka na fani, kisha hupata ukurasa unaoonyesha kushoto kozi ya chuo kikuu na kulia kozi ya chuo chake inayokubaliwa badala yake.

Niliitumia nikimsaidia binamu yangu kupanga masomo ya uchumi, na manufaa yake yalionekana mara moja. Fani hiyo kwa kawaida hudai kozi za kalkulasi na misingi ya uchumi kabla ya kuhamia. Kwa hiyo mwenye D katika kalkulasi na F katika historia ya sanaa anajua papo hapo pa kuanzia, ingawa F ndiyo inayomtia aibu zaidi. Makubaliano hayo hayaangalii aibu. Yanaangalia kama kozi ya maandalizi ya fani imekamilika kwa alama inayokubalika, ambayo kwa kawaida ni C au zaidi.

Suala la kurudia kozi linahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo safari ya mwenye alama hafifu inapoamuliwa. UC hukokotoa wastani wa alama, yaani GPA, kutokana na kozi zinazohamishika tu, yaani zile ambazo UC huzikubali, na kozi iliyopata D au F ikirudiwa, alama mpya ndiyo inayoingia katika hesabu. Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye uniti 30 (uniti ni kipimo cha uzito wa kozi) na wastani wa 2.0, katika mizani ambayo A ni 4 na F ni 0, ambaye uniti 12 kati ya hizo ni F. Akiziacha F hizo zilivyo, kisha akapata A tupu katika uniti nyingine 30, wastani wake utafika 3.0 na kuishia hapo. Lakini akizirudia uniti zile 12 na kupata A, wastani wa zile 30 za mwanzo peke yake utapanda hadi 3.6, na hata akipata 3.5 tu katika 30 zinazofuata, atahitimisha akiwa na takriban 3.55. Tofauti hiyo inatosha kubadilisha orodha nzima ya kampasi anazoweza kuziomba kwa matumaini. Gharama yake nayo inavumilika kwa mkazi wa California, kwani vyuo vya jamii hutoza dola 46 kwa uniti.

Mbali na kurudia, vyuo vya jamii vina utaratibu wa kuomba alama mbaya za zamani zisihesabiwe, ambao masharti yake hutofautiana chuo hadi chuo. ASSIST haisemi lolote kuhusu jambo hilo. Ni la kumuuliza mshauri wa masomo wa chuo, tena mapema.

Kasoro kubwa ya kwanza ya ASSIST ni kwamba iko kimya kuhusu ushindani. Mtu anaweza kutimiza kila mstari wa ukurasa wake na bado akakataliwa, kwa kuwa kukamilisha kozi si ahadi ya nafasi. Kiwango cha chini cha kuomba uhamisho UC kwa mkazi wa California ni wastani wa 2.4, na anayekisoma kiwango hicho kama lengo anajidanganya. Dawa ni kuifungua sambamba na takwimu ambazo UC yenyewe huchapisha za wanaohamia kwa kila fani, zinazoonyesha wastani wa waliokubaliwa kwa kila kampasi. Kwa nini vitu viwili vinavyotegemeana hivi viwekwe mahali pawili tofauti, mimi sielewi.

Kasoro ya pili ni lugha ya kurasa zenyewe. Viunganishi vya «na» na «au» vinavyofunga kozi pamoja vina uzito mkubwa kuliko vinavyoonekana, na anayevisoma haraka anaweza kukamilisha nusu ya mfululizo wa kozi akidhani amemaliza. Vilevile, kozi kuhamishika ni jambo moja na kozi hiyo kutimiza sharti la fani ni jambo jingine. Na pale inapoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, mgeni huweza kudhani mlango umefungwa, ilhali huenda chuo cha jamii cha jirani kinaifundisha.

Faida ya ASSIST huongezeka maradufu inapotumiwa pamoja na TAG, makubaliano ya uhakika wa kupokewa yanayotolewa na kampasi sita za UC: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Mwanafunzi huchagua kampasi moja tu, huwasilisha ombi lake mwezi Septemba, na akitimiza masharti ya kozi na wastani, nafasi yake huwa ya uhakika. Wastani unaotakiwa hutofautiana kwa kampasi na fani, na baadhi ya fani zenye msongamano, hasa za uhandisi na kompyuta, huachwa nje kabisa. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Kwa aliyeanza vibaya ningeshauri TAG iwe nguzo, na kampasi hizo tatu ziombwe juu yake, maana kuwa na TAG hakumzuii mtu kuomba kwingine.

Upande wa insha za maombi ya UC si wa kutisha sana. Mwombaji wa uhamisho hujibu maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350, na swali la maandalizi ya fani ni la lazima. Alama mbaya zielezwe kwa sentensi chache, nafasi iliyobaki itumike kueleza kilichobadilika.

Zipo pia kampuni binafsi zinazouza ushauri wa uhamisho. Moja niliyoijaribu, ambayo sitaitaja, ilitoa mpango wa masomo uliokuwa nakala ya ukurasa wa ASSIST iliyorembwa kwa rangi, bila neno lolote kuhusu kurudia kozi. Washauri wa vyuo vya jamii hawalipishi, ingawa miadi yao hujaa haraka kabla ya Novemba, mwezi ambao maombi ya UC hukamilishwa. Anayekwenda kwao akiwa amechapisha ukurasa wake wa ASSIST na kuuwekea alama za maswali huondoka na majibu mengi kuliko anayekwenda mikono mitupu.

Kwa anayesoma chuo cha umma cha California na kulenga chuo cha umma cha California, naipa ASSIST nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naizuia kwa sababu ya ukimya wake kuhusu wastani. Anayelenga Stanford, ambacho ni chuo binafsi, hatapata humo makubaliano yake, na ajue kwamba vyuo vya aina hiyo huweza kuitazama rekodi nzima, pamoja na alama zilizokwisha kurudiwa. USC, yaani Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambacho nacho ni cha binafsi, huchapisha makubaliano yake na vyuo vya jamii katika tovuti yake yenyewe, na ndiko pa kuyatafuta.