Darubini ya mezani ya milimita 130 kwa nyota changa za Orioni

Kwa anayetaka kufuatilia nyota changa akiwa Dodoma, darubini hii ya kioo (fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi taswira inapokusanyika, ni milimita 650) inatosha. Nyota T Orionis, ndani ya kundi linalozaliwa kwenye Nebula ya Orioni (wingu la gesi na vumbi), hupanda na kushuka kati ya daraja la mng'ao 9.5 na 12.6 hivi (namba kubwa ni hafifu zaidi), kwa kuwa mawingu ya vumbi yanayoizunguka huiziba. Binokula ya 10x50 huipoteza inapofifia. Hii haiipotezi, mradi uwe mbali na taa za mji, upande wa Bahi kwa mfano.

Lenzi ya jicho ya milimita 25 hukuza mara 26: itumie kutafutia tu. Mwanga wa nebula hufanya nyota ionekane hafifu kuliko ilivyo, kwa hiyo kadiria kwa lenzi ya milimita 10, mara 65. Chapisha ramani ya bure ya AAVSO (shirika la watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao), chagua nyota mbili za kulinganishia, moja angavu zaidi na moja hafifu zaidi, kisha kadiria hadi sehemu ya kumi ya daraja. Muda uandike kwa UTC (saa ya kimataifa): saa 3 usiku ni 18:00.

Udhaifu wake ni bomba lililo wazi. Vumbi la kiangazi hutua kwenye kioo. Usilifute kwa kitambaa kikavu, litakwaruza. Lipulize kwa pampu ya mpira. Na barabara ya vumbi hulegeza vioo, hivyo virekebishe mkao upya kila ukifika, la sivyo nyota zitavutika mkia na makadirio yatakuwa ya kubahatisha.

Oktoba, Orioni huchomoza usiku kabla mvua hazijaanza. Anza hapo.