Kozi ya kunakili Constable: kwenye kijani wameweza, kwenye mbingu bado

Kozi hii ya video ina kazi moja tu: kunakili The Hay Wain, mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1821 unaoonyesha mkokoteni wa farasi mtoni, kazi ya John Constable, mchoraji Mwingereza wa mandhari. Naipenda kwa sababu haianzi na miti. Kwanza unapaka turubai lote rangi ya hudhurungi, kisha unatenga maeneo makubwa: mbingu, miti, maji. Majani huja mwishoni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Constable hachori jani mojamoja. Anapanga kijani cha manjano, cha kijivu na cha kahawia, halafu anadondoa weupe pale mwanga unapopiga.

Somo la wekundu ndilo bora kuliko yote. Ziba kwa kidole ule wekundu kidogo ulio kwenye mikanda waliyofungwa farasi, uone kijani chote kinavyopooza. Ondoa kidole, mandhari nzima inaamka! Sasa kila ninapochora nje nautafuta wekundu wangu.

Anayedhani kunakili ni wizi akumbuke kwamba Constable mwenyewe alinakili kazi za Claude Lorrain, mchoraji wa mandhari wa karne ya 17.

Picha waliyotutumia ya kunakilia ni ndogo na imekolea umanjano; heri utumie ile ya tovuti ya National Gallery, jumba la sanaa la London lenye mchoro huu. Na mawingu wameyapitia mbiombio, ilhali Constable ni mtu aliyekuwa akichora mawingu matupu kule Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822. Waongeze somo zima la mbingu. Nitalilipia.