Nguzo za Uzio wa Umeme: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Uzio wa umeme haumzuii ng'ombe kwa nguvu. Humzuia kwa sababu aliugusa siku moja ukampiga, na hataki kurudia. Kwa hiyo nguzo nyingi hazibebi uzito wa mnyama. Zinaushika tu waya kwenye kimo chake na kuzuia umeme usivujie ardhini. Ajabu ni kwamba wengi hununua nguzo nene za kujaza katikati ya mstari, halafu kwenye kona wanasimika chochote kilichobaki. Ifanywe kinyume chake.

Tuanze na uzio wa muda, ule wa kuhamishwa kila baada ya siku chache ili kugawa malisho.

Kwa ng'ombe, namba moja ni fito ya chuma yenye kichwa cha plastiki kilichopinda kama mkia wa nguruwe. Unaikanyaga, inazama hata kwenye udongo mgumu, na waya ukishaingia kwenye kitanzi hautoki ovyo. Kasoro yake ni kwamba inabeba waya mmoja tu. Kabla ya kulipa, kagua pale plastiki inapokutana na chuma. Ukiona ufa, rudisha: maji yakiingia hapo, umeme unateremka na fito hadi chini.

Kwa mbuzi na kondoo, namba moja inahamia kwenye nguzo ya plastiki tupu yenye kulabu za vimo mbalimbali. Hawa wanahitaji nyaya kadhaa, na wa chini kabisa uwe kama sentimita 20 kutoka ardhini, la sivyo watapenya. Ikunje kidogo dukani. Nzuri hurudi ilivyokuwa. Uliza pia kama plastiki yake ina kinga ya jua, maana isiyo nayo hukauka na kukatika. Kwenye ardhi kavu yenye mawe, mguu wa kukanyagia ndio huvunjika kwanza.

Namba tatu ni fito nyembamba za faibaglasi. Ni nyepesi na hazipitishi umeme. Ila zikichomwa na jua miaka mingi huanza kutoa vibanzi vinavyoingia mkononi na kuwasha vibaya. Vaa glovu.

Nondo ninaiweka mwisho. Kihami, yaani kipande kisichopitisha umeme kinachoutenga waya na nguzo, kikiteleza, waya unagusa chuma, shoti papo hapo. Na ncha yake iliyo wazi inaweza kumchoma farasi.

Uzio wa kudumu una hesabu nyingine, kwa sababu waya wa chuma uliokazwa unavuta kona mchana na usiku. Hapo usibane mkono: nunua mti mnene uliotiwa dawa ya mchwa, uchimbie kama mita moja, uuwekee mhimili wa kuukaza. Kona ikilala, uzio mzima unalegea.

Katikati, mimi ningechagua faibaglasi nene, moja kila mita 10 hadi 15 kwenye tambarare, karibu zaidi penye mabonde, maana waya huinuka bondeni na kuacha mwanya chini. Mti uliotiwa dawa unafuata. Ni imara, lakini ukilowa huvujisha umeme, hivyo vihami ni lazima. Chuma cha umbo la T ni cha tatu: hupigiliwa kwa urahisi kwenye mawe na mchwa hawakiwezi, ila kihami kimoja kikipasuka, uzio wote unaweza kudhoofika. Nguzo za zege zinadumu, tatizo ni uzito, na ndani zina nondo, kwa hiyo nazo zinataka vihami.

Mti ulio hai? Unafaa, lakini usipigilie kihami moja kwa moja kwenye shina, ukinenepa utakimeza. Pigilia ubao kwanza, kihami kikae juu ya ubao.

Na vihami vyenyewe, nunua vya akiba siku hiyo hiyo. Kilichopasuka hujitangaza: pita kando ya uzio usiku kukiwa kimya, utasikia tik, tik, na mara nyingine uone cheche.