Siku sita za mvua kwenye Overland Track, Tasmania: uzoefu wangu

Juu ya Marions Lookout, pale ambapo kila picha ya Overland Track huonyesha ziwa chini na kilele cha Cradle Mountain mbele, mimi na Rehema tuliona ukungu. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kwanza. Mvua ilitupiga ubavuni badala ya utosini, na upepo ulivuta begi langu kana kwamba kuna mtu nyuma anataka kunipokonya. Tulikuwa tumetoka kupanda kipande kikali chenye mnyororo wa kushikia, vidole vimekufa ganzi. Rehema akanisogelea sikioni, akapaza sauti: "Shoga, turudi au twende?" Nikamwambia twende mpaka kibanda cha Kitchen Hut, tukaamue tukiwa tumekaa.

Tulikwenda. Tukazimaliza kilomita zote 65 kwa siku sita, na mvua au theluji ilitukuta siku tano kati ya hizo. Kabla ya safari nilitafuta maelezo ya njia hii kwa Kiswahili nikakosa, na mengi niliyoyasoma kwa Kiingereza yaliandikwa na watu waliozoea baridi tangu utotoni. Mimi nimekulia Marangu, Rehema ni mtu wa Tanga. Tulisoma bweni moja, sasa sote tuko Melbourne. Haya ninayoyaandika ni kwa mtu kama sisi anayejiuliza kama hiyo pesa inafaa kutolewa wakati utabiri wa hali ya hewa unasema mvua wiki nzima. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila mavazi yako yasiwe ya kubahatisha, na mtu unayefuatana naye pia.

Overland Track ni njia ya miguu inayokatiza hifadhi ya Cradle Mountain–Lake St Clair kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia, katika eneo la nyika lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei ni lazima uweke nafasi na kulipa, na wote hutembea upande mmoja, kutoka kaskazini kwenda kusini. Kila mmoja wetu alilipa zaidi ya dola 200 za Australia, na kiingilio cha hifadhi hulipwa kando.

Kwa pesa hiyo unapata nini? Mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro lazima aulize. Kwetu mgeni haruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na nyuma yake kuna wagumu wanaobeba mahema, majiko, chakula, hata meza. Baba yangu alikuwa mgumu kwa miaka mingi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsubiri karibu na geti la Marangu, na kitu cha kwanza alichonipa kushika kilikuwa soksi zake zilizolowa. Tasmania hakuna wa kukubebea wala kukupikia. Zipo kampuni zinazoongoza wageni na kuwalaza kwenye vibanda vyao binafsi kwa bei ya juu zaidi, lakini sisi tulikwenda kivyetu. Unacholipia ni njia yenyewe, ambayo sehemu zenye tope imetandikwa mbao, pamoja na vibanda vya kulala, maji ya mvua kwenye matangi, vyoo, na askari wa hifadhi wanaopita kukagua majina na kuwaambia watu hali ya hewa ya kesho. Kibandani unalala kwenye majukwaa ya mbao, bega kwa bega na watu usiowafahamu, na hakuna kitanda chenye jina lako. Aliyewahi amewahi. Ndiyo maana sharti kila kundi libebe hema hata kama halitalitumia, na mimi nilinung'unika kwa uzito wa hema hilo siku mbili nzima kabla sijaelewa.

Nianze na mavazi, maana hapo ndipo tulipokosea. Nilikodi koti la mvua kwenye duka moja la vifaa kabla ya kuondoka. Kwa macho lilikuwa zuri, zipu safi, rangi haijapauka. Dakika arobaini baada ya kuanza kutembea kutoka Ronny Creek, maji yalikuwa yanapita mabegani kama kitambaa cha kanga. Mkikodi kitu kama hiki, kimwagieni maji bafuni kwanza, mkivae, msubiri. Sikufanya hivyo, na siku ya kwanza nilifika Kitchen Hut natetemeka mpaka Rehema akanifungulia mkanda wa begi.

Kitchen Hut ni kibanda kidogo cha mbao cha dharura chini ya Cradle Mountain. Hairuhusiwi kulala hapo bila dharura. Kina mlango wa juu, na koleo limewekwa hapo hapo, kwa sababu ipo miaka ambayo theluji hujaa mpaka mlango wa chini hauonekani. Nililitazama lile koleo nikaelewa nimeingia kwenye nchi ya namna gani. Rehema alitoa fulana yake kavu ya sufu, akanivalisha kama mtoto, kisha akatoboa mfuko mkubwa wa plastiki tundu tatu na kunivisha chini ya koti. Ule mfuko ulifanya kazi mpaka siku ya mwisho. Yeye ni muuguzi, na alikuwa ananiuliza maswali madogo madogo, leo tarehe ngapi, jina la bweni letu lilikuwa nani. Baadaye nilijua alikuwa ananipima kama baridi imeshaingia kichwani.

Ubaya wa hali ya hewa ya huko una sababu yake. Tasmania iko karibu nyuzi 42 kusini mwa ikweta, na upepo wa magharibi unaoifikia umevuka bahari tupu tangu upande wa Amerika Kusini. Milima hii ndiyo miongoni mwa vizuizi vya kwanza unavyokutana navyo, na hapo ndipo unapotua mzigo wake wa maji. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, hata Desemba ambapo wenyeji wako ufukweni. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Aprili, na saa kumi na moja na nusu jioni tayari giza. Kwa hiyo ukichelewa kuondoka asubuhi kwa sababu unasubiri mvua ikatike, unaikuta jioni ikiwa imeungana na usiku.

Kabla ya safari nilimpigia baba simu. Hakuuliza bei wala ndege. Alisema neno moja: nguo ya kulalia isiguse mvua hata siku moja, hata ukiona huruma kwa mwili wako. Maana yake ni kwamba kila asubuhi unavua nguo kavu ulizolalia, unazifunga kwenye plastiki, halafu unavaa zile zilizolowa jana. Hakuna jambo gumu zaidi ya hilo katika safari nzima. Miinuko yote, matope yote, upepo wote, havifikii ile dakika ya kuingiza mguu kwenye soksi baridi yenye maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Siku ya pili Rehema alilia kidogo. Nikamshikia taa, nikamwimbia wimbo wa bwenini, akavaa. Siku ya tatu yeye ndiye aliyenishikia mimi.

Kutoka kibanda cha Waterfall Valley hadi kibanda cha Windermere ni kama kilomita 8 tu, na tulizipita haraka, vichwa chini. Siku ya tatu, Windermere hadi Pelion, ndiyo ndefu kuliko zote, karibu kilomita 17, na nusu ya pili ni msitu wa mizizi inayoteleza. Kila mzizi umelowa, kila jiwe lina kuvu. Pale Frog Flats, sehemu ya chini kabisa ya njia, maji yalikuwa yametanda njiani mpaka juu ya kifundo cha mguu. Tulivuka tumeshikana mikono. Ruba nao walikuwepo. Nilimtoa mmoja shingoni mwa Rehema bila kumwambia, nikamwambia tulipofika.

Kibanda cha Pelion kilikuwa kimejaa. Ndipo nilipoelewa habari ya hema. Vijana wanne walioingia baada yetu walikuta majukwaa yamejaa, wakatoka kwenda kusimamisha hema lao kwenye mvua bila mabishano. Ndani, kila kamba na kila msumari ulikuwa na soksi. Hita ipo, lakini inaruhusiwa tu kibanda kikiwa baridi sana, na haitoshi kukausha nguo za watu thelathini. Kama kuna jambo moja ningependa wenye hifadhi walifikirie ni hilo, chumba kidogo tu cha kuanikia. Njia inajulikana kwa mvua, na watu wanalala wamezungukwa na mvuke wa nguo zao.

Lakini usiku ule ndio ninaoukumbuka kwa furaha. Tulikuwa tumebeba chapati tulizopika nyumbani, tukazipasha juu ya jiko letu dogo la gesi, na chai ya unga wa tangawizi. Bibi mmoja wa Hobart, mji mkuu wa Tasmania, mwenye umri kama wa mama yangu, alikuwa anatembea peke yake kwa mara ya tatu. Tulimpa chapati, akatupa chokoleti, kisha akatufundisha kujaza magazeti ndani ya buti ili yanyonye maji. Alikuwa ameyabeba magazeti hayo kwa kazi hiyo tu. Tafadhali beba gazeti. Na begi lako usiliache nje lenye zipu wazi, wala lililofungwa ovyo: kuna ndege weusi wanaofanana na kunguru, wanaitwa currawong, wanaojua kufungua zipu kwa mdomo. Walichukua njugu zetu zote pale kibanda cha Kia Ora.

Asubuhi ya siku ya nne tulifika Pelion Gap, ambapo njia ya pembeni inapanda Mount Ossa, mlima mrefu kuliko yote Tasmania, mita 1,617. Nilikuwa nimeutamani miezi tisa, tangu tulipoweka nafasi. Theluji ilikuwa inaanguka laini, kilele hakionekani, na mawe yalikuwa na barafu. Watu wawili walishuka wakasema wamegeukia katikati. Nikasema tujaribu nusu saa tu. Rehema akaweka begi chini, akakaa juu yake, akaniambia: "Mimi sipandi, na wewe hupandi peke yako. Nikasirikie ukitaka." Nilimkasirikia mpaka Kia Ora, saa mbili nzima tukitembea bila neno. Leo namshukuru. Chagua mwenzako kwa kigezo hicho, awe mtu anayeweza kukukatalia na bado akakuchemshia chai jioni.

Na mvua ina kitu inachokupa ambacho wa jua hawakipati. Kati ya Kia Ora na kibanda cha Bert Nichols kuna vijia vinavyoshuka kwenye maporomoko ya mto Mersey, D'Alton, Fergusson na Hartnett. Baada ya siku nne za mvua, Fergusson ilikuwa inanguruma mpaka unaisikia kifuani kabla hujaiona. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya mimea ya nyika. Karibu yake kuna Du Cane Hut, kibanda cha mwaka 1910 alichojenga Paddy Hartnett, mwindaji wa ngozi. Mbao zake zimekuwa kijivu kama fedha. Tulikula humo mchana, mvua ikigonga paa, wallaby mmoja, mnyama kama kangaruu mdogo, akitutazama kutoka kwenye majani.

Na fagus. Mti huu mdogo unapatikana Tasmania tu, hupukutisha majani wakati wa baridi, na mwishoni mwa Aprili hugeuka dhahabu na chungwa. Siku ya kwanza, juu ya Crater Lake, katikati ya ule ukungu, mteremko mzima ulikuwa kama umewashwa taa. Nilipouona nilikuwa natetemeka na sikuupa haki yake. Ungekuwa ukavu ningekuwa nimesimama saa nzima.

Siku ya sita tulifika kibanda cha Narcissus, ambapo boti huvusha watu ziwa St Clair. Boti lazima uiwekee nafasi mapema, na ukifika unatumia redio iliyomo kibandani kuthibitisha kwamba upo. Redio hiyo ni muhimu: upepo ulikuwa mkubwa, tukaambiwa boti haitakuja mpaka kesho yake. Ukikosa boti unabaki na kilomita 17 na ushee za kuzunguka ziwa kwa miguu. Tulikuwa na chakula cha siku moja ya ziada, tukalala. Wewe nawe beba cha ziada, na kodi kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, maana simu haishiki sehemu kubwa ya njia.

Wenyeji wa asili waliliita ziwa hili leeawuleena, maji yaliyolala. Asubuhi ya saba upepo ulikuwa umekatika, na kwa mara ya kwanza jua lilitoka. Tulianika kila kitu kwenye gati: soksi, hema ambalo hatukulitumia, koti la kukodi, mfuko wa plastiki wenye tundu tatu.

Tulipopata mtandao upande wa pili nilimpigia baba. Akauliza mzigo ulikuwa kilo ngapi. Nikamwambia kumi na saba siku ya kwanza. Akauliza nani alibeba. Nikasema mimi mwenyewe, baba, siku zote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nguo ya kulalia ilibaki kavu.