Kihisi cha kwenye raba: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kwanza tuelewane jina. Wauzaji wengine wanakiita sensa, lakini sensa sisi tunaijua, ni ile ya kuhesabu watu. Hapa nitakiita kihisi: kidude chepesi kinachobanwa kwenye kamba za raba, kikafuatilia kila mguu unavyonyanyuka, unavyorushwa mbele na unavyotua. Kutokana na hayo kinapiga hesabu ya kasi, umbali na idadi ya hatua kwa dakika, kisha kinazirusha namba hizo kwenye saa au simu.

Je, unakihitaji? Kama mbio zako ni za barabara iliyo wazi, tuseme hapa Dar es Salaam, Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, GPS ya saa inakutosha. Hela hiyo nunulia raba nyingine. Kihisi kinalipa gharama yake sehemu tatu. Ya kwanza ni jimu, kwenye mashine ya kukimbilia, maana setelaiti haijui kama umesogea hata hatua moja. Ya pili ni chini ya miti mingi au katikati ya maghorofa kama ya pale Posta, ambako ramani ya saa inakuchora ukipita ndani ya kuta za benki. Ya tatu, ambayo wengi hawaifikirii, ni mazoezi ya kukata vipande. Unachomoka mita 200 kwa nguvu zote, na saa inayotegemea GPS peke yake inakuja kukubali kwamba umeongeza kasi wakati nusu ya kipande imeshaisha. Mguu hauna ucheleweshaji huo.

Watu wakiniuliza kipi ni sahihi kuliko vyote, mimi huanza na swali jingine: kampuni ikikichoka, kitaendelea kufanya kazi? Mwaka 2006 Nike na Apple walileta kihisi cha dola 29 kilichokaa kwenye kishimo chini ya soli ya ndani ya raba ya kushoto na kuongea na iPod nano. Kilikuwa kitu kizuri kweli. Lakini betri yake ilizibwa humohumo, ikiisha unatupa, na kufikia 2018 Nike ilikuwa imeshafunga huduma kwa vifaa vyake vya zamani. Adidas nao walikuwa na miCoach, nayo ikazimwa mwisho wa mwaka huohuo wa 2018. Kwa hiyo katika orodha hii, kifaa kinachorusha namba moja kwa moja kwenye saa, kwa lugha ambayo saa za kampuni mbalimbali zinaielewa, kinapanda juu. Kinachokulazimisha kupitia programu ya kampuni yake kinashuka, hata kiwe kizuri namna gani.

Lugha zenyewe za kurushia namba bila waya ni mbili, ANT+ na Bluetooth. Hapa niliwahi kupigwa. Nilinunua kihisi cha mtumba mtandaoni, muuzaji akaniapia kwamba "kinashika kila simu". Kilikuwa kinaongea ANT+ tu, na iPhone haina ANT+. Nikakaa nacho miezi minne droo moja na chaja za Nokia mpaka nilipopata saa inayokielewa. Kosa halikuwa la kifaa.

Namba moja kwangu ni Stryd, kutoka Boulder, jimbo la Colorado huko Marekani. Hakifiki gramu 10, kinaongea ANT+ na Bluetooth, na tofauti na vingine unaweza kukifunga na kuondoka bila kukipima kwanza uwanjani, umbali ukatoka karibu sawa. Sifa yake kubwa ni kupima nguvu unayotumia kwa wati. Waliokimbia Kilimanjaro Marathon pale Moshi wanaijua ile njia ya kupanda kuelekea Mweka. Ukijilazimisha kushika kasi ya tambarare pale, umekwisha kabla ya kugeuza. Mwenye kuangalia wati anaacha kasi ishuke na nguvu ibaki palepale. Tangu toleo la 2019 kinahisi hata upepo. Kasoro zake: bei inazidi dola 200, yaani zaidi ya nusu milioni kabla hujagusa usafiri na kodi, na kinachajiwa kwenye kitako chake maalumu, ukikipoteza hakuna duka la Kariakoo litakalokuokoa. Kuna ada ya mwezi ya programu za mazoezi. Usiilipe mwanzoni, kasi, umbali na wati vinafika kwenye saa bila ada hiyo.

Namba mbili ni vihisi vya kawaida vya kubana kwenye kamba vinavyotumia betri bapa, na kwa wakimbiaji wengi wa klabu za jogging hapa mjini ndivyo ningewanunulia. Cha Garmin kinatumia ANT+ na betri ya CR2032. Cha Polar kinatumia Bluetooth na betri pana zaidi, CR2430, kwa hiyo usichanganye ukiwa dukani. Betri ya cha Garmin ilipoisha nilimpelekea fundi saa mmoja wa mtaani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaigeuza mkononi. "Hii si ya rimoti ya gari, mwanangu?" Ndiyo hiyohiyo. Elfu mbili, na hakuna kampuni inayoweza kunizimia.

Ubaya wa vihisi hivi ni kwamba vinataka kufundishwa mguu wako. Nenda uwanja wenye mzunguko wa mita 400, ukimbie njia ya ndani kabisa mizunguko minne kwa kasi yako ya kawaida. Hiyo ni mita 1,600. Kama saa imesoma 1,560, gawanya 1,600 kwa 1,560, zidisha kwa namba ya urekebishaji iliyomo kwenye saa, ambayo kwa Garmin huanza na 100, unapata 102.6. Iandike humo. Ukibadilisha raba, rudia. Na kukifunga kuna adabu yake: kitako cha kubania kipite chini ya makutano mawili au matatu ya kamba, katikati ya mguu, kikae hakitikisiki ukikisukuma kwa kidole. Kikichezacheza, namba nazo zinacheza.

Namba tatu ni COROS POD 2 ya mwaka 2023. Unaweza kuibana kwenye raba au kiunoni, na kwenye raba inaisaidia saa pale GPS inapoyumba. Mwenye saa ya COROS aichukue bila kujiuliza mara mbili. Asiye nayo apite tu, maana imetengenezwa kwa ajili ya saa hizo.

Namba nne ni raba zenye kihisi ndani kabisa, kama HOVR za Under Armour zilizotengenezwa kuungana na programu ya simu ya MapMyRun. Huchaji, hubadilishi betri, huwezi kukisahau nyumbani. Lakini raba ya kukimbilia kwa kawaida inachoka kati ya kilomita 500 na 800, na siku unapoitupa umetupa na kihisi. Ukizikuta kwa bei ileile ya raba za kawaida, chukua kwa sababu ya raba.

Soli za ndani zenye vihisi, zinazoonyesha unatua kwa kisigino au kwa vidole na mguu upi unabeba zaidi, nimeziweka mwisho. Hizo ni za mgonjwa wa goti anayefuatiliwa na mtaalamu wa viungo, siyo wewe unayetaka kujua leo umekimbia kilomita ngapi.

Ukinunua cha mtumba, fungua kifuniko cha betri hapohapo mbele ya muuzaji kwa ukingo wa sarafu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vyuma, jasho limeshaingia, rudisha. Angalia mpira mwembamba wa kuzuia maji kama upo na haujakatika. Kisha kitikise karibu na saa yako mwenyewe, siyo simu ya muuzaji, usubiri mpaka saa ikione. Na uulize kitako cha kubania kiko wapi, kwa sababu wengi huuza kidude kitupu.